Gogo la Mutukuyu

Habari za kifo cha mlinzi wetu zilinikuta kitaluni, mikono imejaa udongo, nikipanga miche ya mukomari kwa urefu wake. Aliyeniambia ni mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mwislamu kutoka Matungu ambaye huletwa kila asubuhi na mumewe kwa pikipiki. Alirudisha simu mfukoni, akasema "Inna lillahi," akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimaliza kwanza kupanga ule mstari wa miche, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hadi leo najiuliza kama alidhani sikujali.

Shirika letu ni dogo. Lina ofisi ya vyumba viwili, kitalu, na kilima kimoja chenye miti ya asili. Zamani kilima hicho kilikuwa sehemu ya msitu mkubwa wa Kakamega, kisha mahindi na miwa vikapita katikati na kukiacha peke yake. Kazi yetu ni kukiunganisha tena na msitu. Tunapanda miti ya asili kwenye ukanda wa katikati, tunafyeka mipera inayosonga miche, na tunahakikisha kwamba kilichobaki kule juu hakipungui. Kazi hii ya mwisho ilikuwa ya mlinzi.

Kanuni ya kilima ilikuwa fupi: hakuna kinachotoka. Si mti mbichi, si tawi kavu, si gogo lililoanguka lenyewe kwa upepo. Majirani waliikubali mkutanoni miaka mingi kabla sijaajiriwa, na aliyeitetea kuliko wote ni yeye mlinzi, ingawa shamba lake mwenyewe linapakana na kilima. Chuo kikuu nilifundishwa kwa nini gogo linalooza lisiguswe: kuna wadudu ndani yake, kuna uyoga, kuna mbegu zinazoota juu yake kwa sababu halikauki hata wakati wa kiangazi. Yeye hakuhitaji maelezo hayo. Alikuwa akisema tu, "Nikimruhusu huyu leo, kesho nitamwambia nani hapana?"

Siku ya pili baada ya kifo, wanaume wawili walikuja ofisini. Mmoja alikuwa mdogo wake marehemu, mzee mwenye koti zito lililofungwa vifungo vyote. Wa pili alikuwa mpwa wao, mwanamume mnene wa Mautuma anayeuza dawa za mifugo. Niliwapa viti. Nikakumbuka kwamba kiti kimoja kina mguu mbovu, nikambadilishia mzee, nikajiona nimefanya fujo bure.

"Mulembe," mzee alisema.

"Mulembe muno, mzee. Poleni sana."

"Tushapoa. Tumekuja na jambo dogo, binti yetu. Tunataka gogo."

"Gogo gani?"

"Ile mutukuyu ilianguka huko juu, karibu na mpaka wetu."

"Ya amakenga," mpwa akaongeza. "Mjomba hawezi kuwashiwa kalatusi kama mtu hana kwao."

Sikuhitaji kuelezwa. Nimelelewa Bukura, baba yangu akifanya kazi pale kwenye chuo cha kilimo, na nimekaa kando ya amakenga, moto wa matanga, mara nyingi. Huwashwa nje, uani, mwili unapofika nyumbani, na hauzimwi mpaka marehemu azikwe. Waombolezaji huuzunguka, huzungumza, huimba, husinzia. Kwa mzee aliyekuwa na boma lake, moto wa vijiti ni aibu. Panatakiwa gogo nene, na kazi ya kulileta ni ya wapwa. Babu yangu alipofariki tulinunua mikaratusi sokoni Lubao. Ilirusha cheche, ikawaka haraka, ikaisha, na moto ukazimika kabla ya mazishi. Shangazi yangu bado hulitaja jambo hilo kila tunapokutana, kama vile lilitokea jana.

"Naomba niulize ofisi kwanza," nikasema.

Mpwa akaangalia ukuta mmoja, akaangalia na wa pili. "Ofisi si ndio hii?"

"Namaanisha mratibu. Yuko Nairobi."

"Msomi, mjomba akiwa hai ungeuliza nani hii maneno? Si yeye? Basi muulize."

"Wewe, nyamaza," mzee akamwambia, kisha akanigeukia. "Mwili unatoka mochari kesho mchana. Tupatie jibu kabla jua lishuke. Ukisema hapana tutasikia. Lakini useme."

Nilipompigia mratibu, alikuwa mahali penye kelele za vikombe. Aliniambia jambo hilo ni nyeti, nitumie busara, nisiweke mfano mbaya, na nisiwaudhi wanajamii. Nilijaribu kuona ni jibu gani lingeweza kubeba yote hayo kwa pamoja. Halikuwepo. Nilipomuuliza, "Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?" akasema, "Wewe ndiye uko huko," na akarudi kwenye mkutano wake.

Mwenzangu wa kitaluni alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani, na hakujifanya hakusikia.

"Sisi saa hii tungekuwa tushamzika, tunakunywa chai," alisema. "Nyinyi mnaweka mtu mochari, mnaweka mahema, halafu mnahangaika na kuni."

"Nifanye nini sasa?"

"Mimi nimeajiriwa kumwagilia miche. Wewe ndio ulisoma."

Nilipanda kilimani peke yangu. Gogo lilikuwa limelala pale ukanda wetu unapoanzia, limefunikwa na kuvu za kijani upande mmoja, na juu yake mche wa musine ulikuwa umeota, mfupi kama kidole. Nililigonga kwa jiwe. Halikutoa sauti ya kitu kilichooza. Mutukuyu ni mti mgumu, hukaa chini miaka na miaka ukiwa bado mzima katikati.

Nilikaa pale na kuhesabu hatari zote. Nikisema ndiyo, msiba wa pili utakuja, na wa tatu, maana hapa kwetu hakuna wiki inayopita bila hema la matanga kusimamishwa mahali fulani, na kila familia ina mzee wake anayestahili gogo. Magogo yaliyoanguka yakiisha, watu wataanza kuangalia yaliyosimama. Nikisema hapana, wanaume wa boma lile wanaweza kupanda na shoka wakati wowote, na hakuna wa kuwazuia, kwa sababu aliyekuwa akiwazuia watu ndiye aliyekufa. Na hata wasipopanda, watanyamaza. Watakuja mikutanoni, watakaa nyuma, na siku moja moto wa nyasi ukitoka shambani kwao kuelekea miche yetu, wataangalia tu. Kisha nikawaza kwamba pengine nawadhania vibaya watu waliofiwa, nikaona haya, nikaanza upya kutoka mwanzo.

Mwishowe niliamua hapana. Niliamua hivyo kwa sababu ndiyo kanuni yake mwenyewe, na niliona ni heshima kwake kuishika siku alipokuwa hawezi tena kuishika. Tungewanunulia lori la kuni. Nikiteremka njiani niliitunga hotuba yangu kwa sauti ya chini. "Shirika linasikitika pamoja nanyi." Nikabadilisha: "Shirika linaomboleza pamoja nanyi." Nikarudisha ya kwanza.

Bomani vijana walikuwa wakisimamisha hema. Wanawake walimenya viazi kando ya mafiga, na jogoo wawili walifungwa miguu kwenye nguzo ya ghala wakingoja kuwa ingokho, kitoweo cha wakwe. Kabla sijamfikia mzee, msichana alinivuta mkono akaniambia naitwa ndani.

Mjane alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, na majirani wawili kando yake. Nilipiga magoti kumwamkia. Nilianza, "Shirika linasikitika," akaniwekea mkono begani.

"Umekuja kusema hapana."

"Sijasema bado, kukhu," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha ya kwetu.

"Nimekuona vile unatembea kutoka hapo langoni. Mtu wa ndiyo hatembeangi hivyo."

Jirani mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Mimi nilitazama mkeka.

"Nikuulize," mjane akasema. "Unajua nilikuwa napika na nini?"

Nilisema sijui.

"Mabua. Mabua ya mahindi, na makapi ya miwa yakikauka. Toka huyu mzee achukue hiyo kazi yenu sijawahi leta hata kijiti kutoka huko juu. Wenzangu walikuwa wanaibanga kidogo kidogo, anawafukuza, wanarudi. Mimi aliniambia, 'Wewe ukionekana na fimbo moja, mimi nimekwisha.' Unajua moshi ya mabua? Unaweka, inawaka fyu, imeisha. Unaweka tena. Ukiwa unasonga obusuma huwezi toka hapo hata kufukuza kuku."

"Kweli," jirani alisema.

"Kuna siku mvua ilinyesha wiki mzima, mabua yote maji. Nikapanda. Nikaokota mzigo mdogo, wa kupika tu uji ya watoto. Akanipata kwa njia. Kulikuwa na watu. Akasema, 'Rudisha.' Nikarudisha. Akasimama hapo nikirudisha moja moja."

Nje mtu alikuwa akipigilia kigingi cha hema, na kila pigo lilisikika mara mbili, la nyundo na la mwangwi wake kutoka kilimani.

"Sikumsemesha mpaka mwezi ikaisha," akaendelea. "Lakini alikuwa na haki. Angeniacha mimi, angesema nini kwa wengine? Nilijua hiyo. Nilijua na nilikuwa na hasira, yote mbili. Sasa unakuja kuniambia ni sheria ya bwana yangu. Mimi si ndio nililala na hiyo sheria? Hiyo gogo si ya shirika na si ya hao wanaume huko nje. Ni yangu. Ni kuni yangu ya hiyo miaka yote. Nataka nimwashie nayo."

Hotuba yangu yote ilikuwa bado kichwani, imepangwa vizuri, na niliiacha humohumo.

"Chukueni," nikasema.

Wapwa walipanda asubuhi iliyofuata. Niliwaomba wasitumie msumeno wa mashine, kwa sababu nilihofia mlio wake ungefikisha habari vijiji vyote kwamba kilima kimefunguliwa.

"Madam," yule wa Mautuma aliniuliza, "unataka tuikate na meno?"

Walitumia shoka, kisha kamba na ng'ombe wawili wa jirani. Mpwa yule, shati limemganda mgongoni kwa jasho, aliung'oa mche wa musine kwa uangalifu ambao sikuutarajia, akanikabidhi na bonge la udongo wake. "Huyu si wa moto," akasema. Pale gogo lilipokuwa, ardhi ilibaki na alama ndefu, nyeupe na yenye unyevu, majongoo yakikimbilia pande zote kutafuta giza. Niliyafunika kwa majani. Ng'ombe walipolivuta gogo kushuka, lilichimba mfereji njia nzima hadi bomani, kiasi kwamba hata asiyeambiwa angejua kilichotoka na kilikoelekea.

Moto uliwaka kama walivyotaka, bila kelele, mwekundu ndani na majivu meupe juu. Kila nilipofika pale bomani ulikuwa uleule.

Siku ya mazishi niliketi safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, nimeshika programu ya ibada. Mchungaji alihubiri. Wakwe walisema. Kisha mdogo wake marehemu alipewa kipaza sauti kuongea kwa niaba ya ukoo.

"Tunashukuru shirika," alisema, akinielekezea mkono, na watu wote wakageuka. "Wametuheshimu. Wamefungua. Ule msitu ulikuwa wa babu zetu, na leo umetuwashia moto. Kuanzia sasa mtu akifiwa hapa..."

Makofi yalimmeza. Wanaume waliokuwa karibu na moto walipiga miluzi. Nilifikiri kwamba niinuke nikanushe, nikafikiri kwamba mtu hakanushi kitu mbele ya jeneza, nikafikiri kwamba kukaa kimya ni kukubali. Nilikuwa bado nafikiri mjane alipoanza kuinuka.

Wajane kwetu hawaongei sana siku hiyo. Kwa kawaida mtu huwasomea maneno yao. Lakini alimwegemea binti yake, akaenda mpaka mbele, akanyoosha mkono kutaka kipaza sauti, na shemeji yake hakuwa na la kufanya ila kumpa.

"Hakuna kitu imefunguliwa," alisema. "Hiyo gogo nimechukua mimi. Nimepika na mabua toka watoto hawa wakiwa wadogo ndio hiyo miti isimame. Hapo ndipo nimelipwa. Kama kuna mwanamke mwingine hapa alipika na mabua juu ya huo msitu, asimame aseme."

Nadhani alikusudia kuwanyamazisha watu. Lakini mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kanisa kichwani akasimama nyuma kabisa ya hema.

"Hata mimi."

Watu wachache walicheka. Mwingine akasimama, karibu na mafiga, bado ameshika mwiko. Halafu wa tatu. Bibi mmoja asiyeweza kusimama aliinua mkono akiwa kitini, akauacha juu. Kicheko kilikwisha. Wanaume walitazama viatu vyao, na mimi nilitazama karatasi yangu, ambayo nilikuwa nimeikunja mpaka ikawa ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Nilikuwa nimeshiriki vikao vingi vya kuripoti mafanikio ya kile kilima. Hatukuwahi kuzungumza juu ya moshi wa mabua.

"Haya, haya, mama," shemeji yake alisema taratibu. "Hii ni mazishi."

"Najua ni mazishi," mjane akajibu. "Ni ya bwana yangu."

Akarudisha kipaza sauti, akarudi kuketi.

Msiba uliofuata haukukawia. Ulikuwa wa mama mmoja wa upande wa pili wa kilima, na binti yake alikuja ofisini mwenyewe, amevaa leso kiunoni, kuomba gogo. Mratibu alikuwa ameshasikia yaliyotokea na kuagiza kwamba kisitoke kitu chochote mpaka majirani wakutane naye. Nilimweleza binti hayo. Nilieleza kwa urefu, nikirudia sehemu nyingine, mpaka nikajisikia nikieleza.

"Mama yangu pia alipika na mabua," alisema.

"Najua."

"Haujui. Lakini sawa."

Hakugombana nami. Jioni niliona moto wao kutoka barabarani, ukirusha cheche za mikaratusi, na vijana wakikimbia kuongeza kuni. Nilipunguza mwendo. Sikuingia. Nilijiambia kwamba kuingia kungewachoma zaidi, na sijui kama hiyo ilikuwa huruma kwao au woga wangu.

Mkutano ulifanyika kwenye veranda ya ofisi. Mratibu alifika na gari lililojaa tope, akatoa salamu ndefu, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa akasikiliza. Wanawake waliongea zaidi. Mjane hakuwepo, alikuwa bado anakaa ndani kwa desturi ya wajane, lakini kila aliyesimama alianza kwa kumtaja. Mwishowe walikubaliana hivi: magogo yatabaki yalipo, awe amefiwa nani. Lakini siku moja kila wiki, wanawake wa maboma yanayopakana na kilima wataingia kuokota kuni kavu zinazovunjika kwa mkono, bila panga, bila shoka. Mdogo wake marehemu alisema hata hilo litaharibu kazi ya kaka yake. Mwanamke aliyekuwa na mwiko siku ya mazishi akamwuliza nyumbani kwake nani hupika.

Sina hakika kwamba tulifanya vizuri. Siku ya kwanza ya kuokota nilisimama njiani nikisikia vijiti vikivunjika kila upande, na kila mvunjiko niliupima: huu ulikuwa mkavu, huu je? Mbega walihamia matawi ya juu kabisa. Chini, wanawake walikuwa wakiitana kwa sauti, wakicheka, wengine wakifika sehemu ambazo hawakuwahi kukanyaga tangu wakiwa wasichana.

Mjane alianza kuja baada ya miezi kadhaa, alipomaliza kukaa ndani. Alikuja amechelewa, wenzake wakiwa wanateremka, mvua ya asubuhi ikiwa bado inadondoka kutoka majanini. Aliokota polepole, akichagua, akifunga kwa kamba ya mgomba. Nilimfuata kwa mbali kidogo. Nilitaka kumwambia kuhusu yule binti niliyemkatalia gogo, kumwuliza kama yeye angemkatalia. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Kukhu," nikaanza, "nimekuwa nikifikiria..."

"Najua unafikiria," alisema. "Kuja unitwike."

Niliinama, nikashika upande wangu wa mzigo, naye akashika wake. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, kuni zimelowa, na maji yakanitiririka mikononi hadi viwikoni. Tuliunyanyua pamoja mpaka ukakaa juu ya kata kichwani pake. Alisogeza shingo kushoto, akasogeza kulia, akitafuta mahali pake.

"Haya," akasema. "Achilia."

Nikaachilia.